Viti vya Kanisa na Siku ya Daktari wa Macho

Kila siku akitoka shule, Karani alibadili sare, akanywa maji vikombe viwili mfululizo, kisha akaenda kufungua stoo ya kanisa. Karani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Shangazi yake ndiye aliyembandika kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na jina likaganda mpaka walimu nao wakalizoea. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kazi yake hapo stoo ilikuwa viti.

Kanisa lao lilikuwa na viti themanini vya plastiki, vya rangi ya buluu. Waumini walikuwa wamechanga kuvinunua ili mtaani kukitokea msiba, au zahanati ikiwa na shughuli, wazee na wagonjwa wasikae chini. Huduma hiyo ilikuwa ya bure. Siku ambazo viti havikuhitajika huko, vilikodishwa kwenye harusi na sherehe, na fedha zikawekwa kwa ajili ya kuezeka darasa la watoto la Jumapili. Msimamizi wa viti alikuwa shangazi, ambaye alikuwa msusi na pia mzee wa kanisa. Karani alivifuta vumbi, akavipanga kumi kumi, na kuandika kwenye daftari nani anachukua vingapi na siku gani.

Na hilo darasa la watoto, jamani! Kuta lilikuwa nazo, paa halina. Mvua ikishuka, watoto walikimbilia chini ya meza, na mwalimu akabaki ameshika mwavuli akimalizia somo peke yake. Mdogo wake Karani alinyeshewa humo akakohoa mwezi mzima. Ndiyo maana kila jioni Karani aliomba ombi lilelile: "Mungu, tupe mabati. Tafadhali, na iwe upesi."

Jumatatu moja muuguzi wa zahanati alipita stoo. "Mwanangu, Jumamosi daktari wa macho anakuja," alisema. "Na unajua yule haji ila mara moja kwa mwaka. Wazee watakuwa wengi. Naomba viti vyote."

"Hakuna shida, mama. Vichukueni tu," Karani alimjibu, akaandika kwa penseli: Jumamosi, zahanati, themanini.

Siku mbili baadaye akaja mwenye duka la vipuri vya magari, mtu wa haraka haraka, anaongea huku funguo zinamlia mkononi. Binti yake alikuwa amehitimu chuo, na sherehe ilikuwa Jumamosi hiyohiyo. Alitaka viti vyote themanini, na alivitaka tangu asubuhi ili wapambaji wavivalishe vitambaa.

"Vimeshaombwa, baba," Karani alimwambia.

"Vimeombwa na nani?"

"Zahanati."

"Basi mimi nilikuwa tayari kulipa mara mbili ya bei yenu, taslimu. Lakini kama haiwezekani, sema tu niwahi kwingine. Sitaki kugombana na mtu." Alikuwa tayari ametoa noti mfukoni, ameziweka juu ya daftari.

Karani alizitazama zile noti akaona mabati. Aliyaona kabisa, yameshapigiliwa misumari, yanang'aa juani, na mdogo wake chini yake mkavu. Si ndicho alichokuwa akiomba kila jioni? Mungu si amejibu, tena upesi kama alivyoombwa? "Subiri kidogo, baba," alisema. Akachukua ufutio, akafuta neno zahanati taratibu mpaka karatasi ikabaki nyeupe.

Jioni shangazi alipozishika zile fedha, alishangaa. "Mara mbili? Makubwa haya! Lakini nasikia daktari wa macho anakuja. Zahanati hawakuomba viti?"

"Hawajaomba, shangazi."

Ilimtoka hivyo hivyo, bila kupepesa macho. Kesho yake akamwambia muuguzi kwamba viti vimepata kazi nyingine. Muuguzi alidhani ni uamuzi wa wakubwa wa kanisa, kwa hiyo hakuuliza zaidi. "Haya, tutajibanabana," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha.

Jumamosi, karibu saa sita mchana, shangazi alimtuma Karani dukani kununua nyuzi za kusukia. Njia ilipita mbele ya zahanati, na pale Karani akasimama kama aliyepigiliwa chini. Mstari ulianzia mlangoni ukazunguka ukuta hadi nyuma. Bibi mmoja alikuwa amekalia khanga yake kwenye changarawe. Mwingine ameegemea ukuta, amefumba macho, anatokwa jasho. Ndani kulikuwa na benchi moja tu, na wazee waliolikalia walikuwa wamebanana hata huwezi kujua mkono huu ni wa nani.

"Mzee Dakika hajafika?" Karani alimuuliza muuguzi.

Mzee Dakika alikuwa fundi saa wa mtaa. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimpelekea saa yako husema, "Dakika mbili tu, mjukuu wangu," halafu unaipata baada ya wiki mbili. Lakini siku hizi macho yalikuwa yamemharibikia. Mwezi uliopita alimrudishia mwalimu mkuu saa yake ikiwa na mshale mrefu mahali pa mfupi na mfupi mahali pa mrefu. Watu walicheka mpaka basi. Yeye hakucheka, na wateja wakaanza kumkwepa.

"Alikuja saa moja asubuhi," muuguzi alisema. "Amesimama mpaka goti likamshinda. Hana pa kukaa, na akikaa chini hawezi kuinuka. Amerudi nyumbani kwake. Na daktari anaondoka saa tisa kamili, mpaka mwakani."

Mpaka mwakani! Karani hakusubiri zaidi. Alitimua mbio hadi saluni ya shangazi bila uzi hata mmoja mkononi.

Shangazi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. "Nyuzi ziko wapi?"

"Shangazi, nilikudanganya." Karani alikuwa analia na kuhema kwa wakati mmoja. "Zahanati waliomba viti. Niliwaandika kabisa, halafu nikawafuta. Nilifikiri Mungu ametuletea mabati. Sasa wazee wamekaa kwenye changarawe, na Mzee Dakika amerudi nyumbani bila kuonwa."

Shangazi aliweka kitana chini polepole. Karani alimjua, angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Twende tukavichukue," Karani aliomba. "Sherehe ni jioni, sasa hivi havina mtu."

"Havichukuliwi. Yule baba aliuliza, wewe ukamwambia sawa, akalipa. Umevunja neno moja, sasa unataka tuvunje la pili tuliunganishe na la kwanza?" Shangazi alifunga kitambaa kichwani. "Saluni ina viti vinne na fomu moja ya kukalia wateja. Beba. Tukitoka hapo tunapita nyumba kwa nyumba."

"Na mimi je?" mteja aliuliza akishika ile nusu iliyosimama.

"Wewe beba fomu upande wa pili, dada yangu. Kichwa nitakimalizia bure."

Basi wakatoka hivyo barabarani, shangazi, mteja wa nusu kichwa na Karani mwenye viti viwili kichwani. Watoto waliokuwa wakicheza walicheka, kisha wakauliza, kisha wakakimbilia kwao kuleta vigoda. Fundi seremala akatoa mabenchi mawili ambayo hayajapigwa hata msasa. Mama muuza mboga akainuka kwenye kiti chake mwenyewe akakikabidhi. Ilipofika saa saba na nusu, wazee wa nje wote walikuwa wamekaa, kila mmoja na kiti cha aina yake.

"Bado Mzee Dakika," Karani alisema. Alinyakua kigoda kimoja na kuondoka mbio.

Alimkuta barazani kwake, mguu ameunyoosha. "Nimeshachoka, mjukuu wangu. Mwakani nitajaribu."

"Babu, twende tu. Nimekuja na kiti chako. Ukichoka unakaa, ukipumzika tunaendelea."

Mzee alikitazama kile kigoda, akacheka kidogo. "Yaani unatembea na kituo cha basi?"

Wakaenda hivyo. Hatua ishirini, kigoda chini, mzee anakaa. Hatua kumi na tano, kigoda chini tena. Karani alikuwa anaomba kimoyomoyo zaidi kuliko alivyowahi kuomba, na safari hii hakuomba bati. Kila mara alipouliza muda, mzee alitazama mkono wake na kusema, "Mjukuu, ningekuwa naona saa, tungekuwa tunakwenda huko kufanya nini?"

Walifika saa tisa na dakika tano. Gari la daktari lilikuwa linanguruma nje, na daktari alikuwa anafunga mkoba wake.

"Samahani, daktari!" Karani alisema kwa sauti, mbele ya muuguzi, shangazi na wazee waliobaki. "Babu huyu alikuwa wa kwanza kwanza kufika. Aliondoka kwa sababu yangu. Viti vya leo vilikuwa vya zahanati, na mimi nikavitoa kwa mwenye fedha. Tafadhali usimwache yeye kwa kosa langu."

Daktari alimtazama, akamtazama mzee, kisha akamfanyia dereva ishara azime gari. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akalirudia la kushoto mara mbili. "Mzee, hili lina presha," alisema. "Ungeningoja mpaka mwakani, ningekuta limeshazima. Utaweka dawa hii kila jioni bila kukosa, na barua hii utaipeleka hospitali kuu wiki ijayo." Kisha akafungua sanduku akampa na miwani. Mzee Dakika aliivaa, akamgeukia Karani, akamwangalia kwa muda.

"Kumbe umekua hivi?" alisema, na Karani hakujua acheke au alie.

Baadaye, walipokuwa wanarudisha vigoda vya watu, Karani aliuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, zile fedha tuzitupe?"

"Tuzitupe zimekosa nini? Ni halali. Mwenye duka hakumwibia mtu, na darasa bado halina paa. Fedha tunazihitaji, mwanangu, usije ukajidanganya kwamba huduma inaendeshwa kwa maombi matupu. Wewe umeomba mabati mwaka mzima. Umewahi kujua yanatakiwa mangapi?"

Karani alitikisa kichwa.

"Ishirini na mawili. Fedha tulizonazo zinatosha kumi. Kesho tutakaa mimi na wewe, tupange ni miezi mingapi. Na kuanzia sasa viti thelathini havikodishwi, hata aje mtu na gunia la noti. Hivyo ni vya wagonjwa na wafiwa. Hamsini vinatosha kutafutia mabati."

Walitembea kidogo. Kisha shangazi akasimama, akamshika bega.

"Uliona fedha ukasema Mungu amejibu. Siyo, mwanangu. Siku ile Mungu alikuwa anakuuliza swali: viti hivi ni vya nini? Mwenye kujibu ulikuwa wewe. Ukijibu vizuri, fedha zitakusaidia kuifanya kazi yake. Ukijibu vibaya, utaezeka darasa ukiwa umemwacha babu wa watu apofuke."

Karani alifuta machozi kwa kiganja. "Kesho nitakwenda kumwomba radhi mama muuguzi," alisema.

"Kwa nini kesho?" shangazi aliuliza. "Zahanati si ile pale?"

Karani akakabidhi kigoda, akageuka, akarudi zahanati.