Bwawa la Haji Bare

Wallahi mimi si mtu wa kupenda habari za majini. Watu wa hapa Garissa ukiwaacha, kila mbwa anayebweka watakuambia ameona kitu, na mimi huwa nawanyamazisha. Lakini hii ya abti yangu Jelle siwezi kuinyamazisha, maana mwisho wake niliushika kwa mikono yangu mwenyewe. Abti ni mjomba, kaka wa mama. Alikuwa fundi wa saruji, mpole, mdomo mzito, na ukuta aliousimamisha yeye haukuwa na ufa.

Mwaka ule wa sitini na sita watu wetu walikuwa wameshasukumwa na serikali ndani ya vijiji vyenye seng'enge. Atakayekutwa na askari malishoni bila ruhusa, shauri lake. Mdogo wake Jelle, jina lake Nuh, alikuwa huko nje na ngamia wote wa nyumba yetu, thelathini na kitu, upande wa Balambala. Miezi minne ikapita. Hakurudi Nuh, hakurudi ngamia hata mmoja. Mama yangu Ardo, dada yao, wakati huo msichana, alikuwa akisimama kwenye seng'enge kutwa nzima akimuuliza kila anayeingia.

Ndipo Haji Bare akamwita abti. Haji Bare alikuwa tajiri wa ngozi na nyama, mtu aliyekula sahani moja na wakubwa wa serikali. Alikuwa amelala hoteli fulani Nairobi, akaona watu wanaogelea kwenye maji ya buluu, akarudi na wazimu. Alitaka bwawa nyuma ya nyumba yake, na bustani ya kulizunguka. Garissa hii hii, jua hili hili!

"Wageni wangu wanafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi," alimwambia abti. "Wakubwa watupu. Ukinimalizia bwawa, nitazungumza nao habari ya Nuh."

"Yuko hai?"

"Amezuiliwa. Yuko hai. Wewe chimba."

Abti alichimba. Angechimba mpaka ng'ambo ya dunia. Walianza kafyu ikiisha alfajiri, yeye na Alio, mchimbaji wake wa siku zote, na hawakuweka chini sururu mpaka alasiri.

Sasa, kumfanyia kazi tajiri anayejenga kitu asichokijua ni adhabu. Leo bwawa liwe la duara. Kesho, hapana, liwe refu kama lile la Nairobi, na shimo la duara limeshachimbwa. Keshokutwa anataka ngazi za kushukia upande wa mashariki, halafu anakumbuka jua la asubuhi, zivunjwe zihamishwe. Bustani ndiyo ilikuwa kichekesho kabisa. Majani yalibebwa kwa magunia kutoka kando ya Tana, yakatandikwa, yakakauka. Yakaletwa mengine, mbuzi wa jirani wakayala. Haji akapiga kelele kana kwamba abti ndiye aliyeyatafuna.

"Jelle," Alio akanong'ona, "huyu akitaka bahari utamletea?"

"Nitamletea. Nuh akitoka, nitamletea."

Alio hakutania tena siku ile.

Siku ya kumaliza lipu, saruji ikiwa bado mbichi, abti alikaa peke yake ukingoni. Aliniambia hakupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Kwa ncha ya mwiko akachora chapa ya ngamia wetu pale ukingoni, mistari miwili imesimama na duara juu yake. Hakuwahi kuichora kwenye kazi ya mtu. Aliwakumbuka tu, basi.

Kwetu chapa hiyo si pambo. Anayechimba kisima huiweka kwenye jiwe la mdomoni, na mnyama mwenye chapa hiyo hangoji zamu kwenye maji yale. Anakuja, anakunywa. Mchungaji wake hunywa mwisho, wanyama wakishatosheka, na hakuna mwenye haki ya kumfukuza. Abti aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini lile lilikuwa bwawa la tajiri, si kisima, na hakuwaza zaidi.

Pampu ikavuta maji ya Tana siku mbili. Jioni ya siku ya pili bwawa lilijaa, maji mekundu kama chai, na Haji akalizunguka akicheka peke yake.

Asubuhi lilikuwa tupu. Sisemi lilipungua. Tupu, mpaka sakafu.

"Umenilia saruji!" Haji akafoka. "Umenichanganyia mchanga!"

Abti na Alio waliteremka ndani wakagonga lipu shibri kwa shibri. Hakuna ufa. Wakachimba kwa nje, kando ya ukuta, wapate udongo uliolowa. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Maji yale yote, na hakuna yalikopita.

Wakajaza tena. Asubuhi, vilevile. Safari hii abti aliona majani ya bustani. Yalikuwa yamekanyagwa, yamelala chini pande zote za bwawa, na lango lilikuwa na kufuli.

Haji hakufoka mara hii. Alimsogelea abti karibu sana.

"Zimebaki siku sita. Wageni wangu wakikuta shimo, msahau ndugu yako."

Abti hakulala, hakula. Wakajaza mara ya tatu, na sasa akaamua kukaa palepale mchana, ayaone yakienda.

Ilikuwa adhuhuri. Nyumba yote imelala kwa joto. Alio alikuwa mbali, mtoni kwenye pampu. Bwawa limekaribia kujaa. Abti alikaa kivulini akiyakazia macho.

Akasikia kengele. Ile ya mti, anayofungwa ngamia shingoni. Moja, halafu nyingi. Hakukuwa na ngamia mjini wakati ule.

Harufu ikamfikia. Harufu ya ngamia waliotoka safari ndefu.

Maji yakafanya pete. Pete moja, ukingoni. Ikaja ya pili kando yake. Ya tatu. Ukingo wote ukajaa pete, thelathini na kitu, na katikati maji yametulia. Kisha akasikia makoo yanameza. Polepole, kwa kiu kubwa. Maji yakaanza kushuka mbele ya macho yake. Mstari wa unyevu ukutani ukabaki juu. Hakuona mguu. Hakuona shingo. Alisikia tu kumeza.

Alikimbia mpaka kijijini, akamkuta mama kwenye seng'enge, akamweleza aliyoyasikia.

"Ardo. Niliweka chapa yetu."

"Wapi?"

"Ukingoni."

"Basi halivuji, kaka. Umewapa maji."

"Kwa hiyo wamekufa."

"Ngamia wamekufa," mama alisema kwa sauti ya chini, na machozi yakamtoka, maana ngamia ndio walikuwa maziwa yetu, mahari zetu, kila kitu. "Wote."

"Ngamia wafe, Ardo. Nuh atoke."

"Basi ifute."

Na mama hadi leo analia kwa neno hilo. Mara ngapi nimemwambia, mama, ungejuaje? Hanisikilizi. Anasema, ni mimi niliyetamka.

Abti alirudi alfajiri iliyofuata na patasi na nyundo. Maji yaliyobaki yalikuwa kama ya kufika magotini. Akapiga magoti penye chapa. Saruji yake ilikuwa nzuri mno, imeshakuwa jiwe. Akapiga. Mstari wa kwanza ukatoka. Akapiga. Wa pili ukatoka. Lilibaki duara.

"Jelle."

Mkono ukasimama.

Sauti ilitoka chini, kwenye maji, sawasawa chini ya mkono wake. Ilikuwa kavu. Ilikuwa ya Nuh.

"Jelle. Walaal, ndugu yangu. Mimi bado."

Sasa nieleweni vizuri, maana hapa ndipo watu humlaumu abti na mimi hukasirika. Kila mtoto wa malishoni anafundishwa kwamba majini huiga sauti. Ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike, usigeuke, utapotea. Na Nuh alikuwa amezuiliwa, yuko hai, Haji Bare amesema. Huyu basi ni nani? Ni kitu kibaya kinachotaka bwawa lisijae, Nuh asitoke. Nani kati yenu angeitika?

Abti akasoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Akapiga.

"Wamekunywa wote," sauti ikanong'ona. "Nimebaki mimi."

Akapiga.

"Kidogo tu, Jelle."

Akafumba macho akapiga, akapiga, mpaka duara likatoka lote na damu ya vidole vyake ikachanganyika na vumbi la saruji. Pakawa kimya. Akapaka saruji mpya juu, akalainisha kwa mwiko, akanawa.

Bwawa likajazwa. Asubuhi maji yalikuwepo. Kesho yake yalikuwepo, hayakupungua hata kidole.

Ijumaa wageni wakaja na magari matatu. Walivua mashati wakaogelea, wakacheka, wakarushiana maji. Majani yalikuwa mabichi na maua mekundu yamechanua. Haji Bare alimpiga abti begani mbele za watu akamwita fundi wa mafundi. Abti alisimama nyuma, kofia mkononi, akisubiri habari ya Nuh izungumzwe. Alisubiri tangu sala ya Ijumaa mpaka alasiri.

Halafu Haji akamwambia aende ghalani alete mkeka mwingine.

Ghala lilikuwa la ngozi. Zilikuwa zimepangwa mafungu, zimetiwa chumvi, tayari kwa lori. Mkeka ulikuwa nyuma ya fungu la mwisho. Abti akauvuta, na ngozi ya juu ikateleza ikafunguka. Kwenye paja palikuwa na mistari miwili na duara juu yake. Akafunua ya pili. Chapa. Ya tatu. Chapa. Alihesabu mpaka thelathini na nne, akiwajua wengine kwa rangi zao, akiwataja majina.

Haji alimkuta amekaa chini katikati ya ngozi.

"Ulizinunua wapi?" abti aliuliza.

Haji akaurudisha mlango nyuma yake. "Zililetwa. Walikutwa nje ya mpaka wa vijiji."

"Na mchungaji?"

Kule nje wageni walikuwa wakicheka. Haji aliangalia mlango, kisha akaangalia mikono yake.

"Alikuwa nao," alisema. "Walioleta ngozi waliniambia. Risasi haikumuua papo hapo. Alikaa siku mbili anaomba maji."

"Ulisema yuko hai."

"Ningekuambia amekufa," Haji akanong'ona, "ungenichimbia?"

Abti hakumpiga. Watu wanataka kusikia kwamba alimpiga. Alimpita mlangoni, akawapita wale wageni, akapiga magoti ukingoni na nguo zake, na kwa kucha akaanza kuikwangua saruji yake mwenyewe. Akaichora chapa upya kwa damu. Akachota maji kwa viganja akayainua, akaita, "Nuh! Nuh, zamu yako! Njoo!" Wageni walidhani amelewa. Walimwita askari wa lango akamtoa.

Nuh hakuja. Maji yalikaa palepale, yamejaa, mpaka yakaota kijani.

Abti hakujenga tena. Aliishi mtaa wa Galbet, kwa mama, miaka mingi, na hakuna aliyepata kumwona akinywa maji mchana. Alipofariki, mimi na vijana wawili wa jirani ndio tuliomwosha. Tulimlaza kwenye ubao, tukatundika pazia, tukachimba mfereji mdogo miguuni maji yapitie.

Nilimimina dumu la kwanza. La pili. La nne. Maji yalifika mwilini, niliyaona, nilimsugua nayo. Mfereji ulikuwa mkavu. Wale vijana wakaniangalia. Niliingiza mkono chini ya ubao nikagusa vumbi.

"Yametosha?" mama akauliza nyuma ya pazia.

"Mama, maji hayafiki chini."

Nilimsikia akiinuka.

"Mimina," alisema. "Leo msimzuie Nuh."

Akaenda nyumba ya kwanza akaomba maji, akaenda ya pili, mzee yule na miguu yake mibovu, akirudi na dumu moja moja. Tulimimina mpaka maji ya majirani wanne yakaisha. Tulipomwinua abti kumvika sanda, chini ya ubao palikuwa pakavu, na palikuwa na alama ya viganja viwili, vimekaa pamoja, kama vya mtu anayekinga maji.