Mstari wa Mlango B

"Mikono ya nani ilishika hii mbele ifike kwetu?"

Priscille aliuliza hivyo siku kasha la msaada lilipofunguliwa katika maabara ya chuo chao, hapa Bunia. Assistant Katsuva, msimamizi wa maabara, alicheka tu.

"Mademoiselle, mabishano ya débat iko siku ya samedi. Leo tunatumika kazi."

Na vilikuwa vitu gani? Osiloskopu kuukuu, mashine ya kuchora umeme kwenye kioo, na tumboni mwake kisanduku cha kuchomeka tulichokiita tiroir: ampli ya kukuza umeme mdogo, yenye milango miwili ya waya, A na B, kila mlango na mstari wake wa kijani. Waliochoka nayo waliituma huku Ituri, nasi tukapiga makofi. Ilinuka nywele zilizoungua.

Kwetu mlango wa ampli hupimwa kwa kidole. Unagusa ncha ya waya, mwili unaokota umeme wa chumba, mstari unaruka. Ukiondoa kidole, mstari unalala. Osée, mdogo wake Priscille, akagusa waya wa B. Mstari ukaruka. Akaondoa kidole.

Mstari haukulala.

"Iko panne, imeharibika," alisema Katsuva, akauchomoa waya kabisa.

Mstari uliendelea: kilima, bonde, kimya. Kilima, bonde, kimya.

Osée aliweka mkono kifuani. "Yaya," alimnong'oneza dada yake, "ile iko moyo yangu."

"Acha mchezo."

"Angalia." Akarukaruka, na vilima vikakaribiana.

Katsuva, kwa hasira au kwa woga, alibonyeza swichi, na kioo kilipoanza kufifia Osée naye alianza kufifia, midomo ikageuka majivu, akaanguka chini ya meza bila hata kuita, na ndani ya tiroir ikasikika sauti ya kitu kinachomeza polepole, kama mtu anayekula gizani asitake kugawia wengine, mpaka Priscille alipoirukia swichi na kuiwasha tena.

Osée akavuta pumzi.

Walimwita Mama Félicité, mwombezi wa mtaa wa Mudzipela. Aliomba hadi sauti ikakauka, kisha akatega sikio kwenye chuma na kurudi nyuma haraka.

"Hii jini haikuingia ndani ya mutoto," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mutoto njo iko ndani yake."

"Itamuachilia, Mama?"

"Ikipata mwengine. Aguse ile mulango ya A."

Katsuva akasema, macho chini: "Kule kwenye kambi kuko watu walitoka Bule, walikimbia vita. Tunaweza kuita moja, tumuambie ni kazi. Nani atamutafuta?"

"Assistant!" Priscille alifoka. "Mutu aliponea panga, weye unamufanya fusible ya kuungua mahali petu? Kama ni lazima, gusa weye."

Katsuva alificha mikono mfukoni.

Priscille alifunika mlango wa A kwa plasta, akaketi karibu na mdogo wake. Hajatoka tangu siku hiyo. Lakini mashine inakula umeme wa jua, na mvua ya Bunia haitaki kuacha. Betri za maabara zimechoka, mstari wa B unazidi kuwa mwembamba, na Osée anaongea kama mtu aliye mbali.

Kama uko na betri nzima nyumbani, hata ya gari, tafadhali tuletee leo.