Herufi Zenye Sauti ya Sylvia

Bango lilikuwa limetoka kwenye mashine asubuhi, na kufikia saa ya chai lilipaswa kuwa limekauka. Lakini kila Oluoch alipoligusa, kidole chake kilitoka na unyevu.

"Nasambu," akaita. "Kuja uone hii maneno. Hii wino gani haikauki?"

Nasambu akaacha kompyuta, akaja, akapitisha kiganja juu ya zile herufi nyeusi. Kiganja kikatoka kikavu.

"Ni mikono yako, boss. Nenda unawe."

Oluoch hakucheka. Alikuwa mtu wa mizaha, mwenye duka aliyependa kuendesha mashine yake mwenyewe kuliko kukaa ofisini, lakini siku hiyo alisimama akinusa kidole chake kama mtu aliyeshika kitu asichokijua. Kidole hakikunuka wino. Kilinuka kinywa cha mtu, kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

Duka lao la kuchapa mabango lilikuwa ghorofani katikati ya mji wa Eldoret, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Nasambu ndiye aliyekuwa dizaina. Hakuwa amesomea kazi hiyo popote. Alijifundisha kwa macho. Wenzake waliposhuka kula chapati na maharagwe, yeye alibaki kwenye kompyuta akizurura mtandaoni, akitafuta watu wanaojua kuchora herufi. Alimpata mama mmoja wa Lagos aliyepaka maandishi kwenye malori, herufi nene zilizojaa kama mashavu ya mtoto. Alimpata kijana wa Brazili aliyeandika majina ya maduka kwa brashi bila kurudia mstari. Kila alichokipenda alikihifadhi, akakikuza, akakitazama mpaka macho yakauma. Kisha alirudi kwenye kazi yake, herufi za dhahabu zenye kivuli kwa ajili ya mikutano ya injili, akaona haya.

Nyumbani, katika mtaa wa Huruma, aliishi chumba kimoja na mdogo wake Sylvia. Mama yao alipofariki, Nasambu ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni, akampeleka shule. Sylvia alikuwa na sauti. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye gari la matangazo lenye spika juu, akizunguka mji akiwaita watu waje kwenye ufunguzi wa duka au mkutano wa maombi, na wachuuzi waliacha kuhesabu nyanya ili wamsikilize. Nyumbani hakunyamaza pia. Alifua akiimba, alipika akiimba.

"We Sylvia, hata mende wamechoka," Nasambu alikuwa akimwambia.

"Waambie wahame, dada. Mimi silipishi kiingilio."

Basi siku moja ya mvua, Nasambu akiwa katika kuzurura kwake, akaangukia ukurasa usio na jina wala picha ya mwenyewe. Palikuwa na herufi tu, nyeusi juu ya weupe, moja moja. Hakuwa ameona kitu kama kile. Zilikuwa nzito chini na nyembamba juu, zimeinama kidogo mbele, kama mtu anayetaka kukunong'oneza. Alizitazama mpaka kiti kikamuumiza. Mwishowe akamwandikia mwenye ukurasa: "Herufi zako zinaonekana kama zinaongea. Unafanyaje?"

Jibu lilikuja kabla hajaondoa mkono, tena kwa Kiswahili.

"Zinaongea kweli. Zako ni bubu kwa sababu hujazipa sauti. Nitumie sauti ya mtu unayempenda kuliko wote, nikuchoree zako."

Nasambu akadhani ni ufundi. Alikuwa amewahi kusoma kuhusu watu wanaochora kwa kufuata mawimbi ya sauti. Kwenye simu yake kulikuwa na sauti ya Sylvia akiimba huku akifua, aliyoirekodi kwa siri ili amcheke nayo. Akaituma.

"Umenipa?" akaulizwa.

"Nimekupa," akaandika.

Alfajiri iliyofuata herufi zilikuwa zimefika, alfabeti nzima. Alizitumia kwa mara ya kwanza kwenye bango la duka jipya la maziwa, lile lile ambalo Oluoch aligusa akanusa kidole. Lilipobandikwa barabarani, watu walisimama. Si kusoma tu. Walisimama wakiinamisha vichwa, kama mtu anayeitwa kwa mbali asijue ni nani. Mwenye boda boda alisahau abiria wake. Kufikia mwisho wa wiki, wateja walipanga foleni kwenye ngazi za Oluoch, na kila mmoja alitaka "zile herufi".

Nasambu akaweka kazi yake mtandaoni. Yule mama wa Lagos aliiona, akamwandikia: "Dada yangu, nakaa mbele ya herufi zako kama mtu anayesikiliza redio. Wewe ni nani?" Nasambu alisoma maneno hayo akalia. Yule wa Brazili naye akaandika. Wale aliowatazama miaka yote kupitia dirisha, sasa walikuwa wamefungua mlango na kumwita ndani.

Wiki hiyo hiyo Sylvia akaanza kukauka koo.

Mwanzoni walisema ni vumbi. Akanywa maji ya tangawizi na asali. Sauti ikawa kama mlango wenye kutu, kisha kama upepo kwenye chupa. Hospitalini daktari alimulika koo akasema halina hata uwekundu. Kanisani walimwekea mikono, wakakemea, wakatokwa na jasho. Mwenye gari la matangazo akasubiri, akachoka, akamchukua msichana mwingine. Mwishowe Sylvia alifungua kinywa asubuhi moja kumuomba dada yake chumvi, na hapakutoka kitu. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na hapakutoka kitu.

Nasambu alijua lini? Hapo ndipo ubaya ulipo. Jioni moja alipokuwa akipita karibu na bango la maziwa, alisikia kitu kikivuma ndani ya karatasi, kitu laini, kama wimbo unaotoka nyumba ya tatu. Akasimama. Akasogeza sikio. Nywele za mikono zikamsimama, kwa maana aliijua sauti ile tangu ilipokuwa ya kulilia titi. Lakini wakati huo huo aliona namna herufi zilivyokaa kwenye mwanga, namna zilivyoinama, na akasema kwa sauti, peke yake barabarani, "Ni nzuri." Akaenda zake. Kesho yake akachora bango jingine.

Oluoch ndiye aliyevunja kimya. Alikuja na uso wa jivu, akafunga mlango wa ofisi.

"Nasambu, sikiza. Kuna mtu analia ndani ya mashine yangu. Nimeizima, bado analia. Nimechomoa waya, bado. Na analia jina lako." Akashusha sauti. "Hiyo ni sauti ya Sylvia. Niambie umefanya nini."

Akamwambia yote. Oluoch akashika kichwa.

"Mwandikie huyo mtu sasa hivi. Mwambie arudishe."

Nasambu akaandika: "Rudisha sauti ya mdogo wangu." Wakakaa wakitazama kioo cha kompyuta. Ofisi ikajaa ile harufu ya kinywa chenye njaa, na jibu likatokea herufi moja baada ya nyingine, katika zile zile alizochorewa.

"Sikuiba. Nilipewa."

Kisha ukurasa ukafutika, na haukupatikana tena.

Ng'ambo ya Moiben kulikuwa na mama aliyeitwa Jerop, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye watu walimwendea kimya kimya maombi yaliposhindwa. Oluoch aliwapeleka kwa gari lake, Sylvia katikati, bango la maziwa limeviringwa nyuma. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi na taa za gari ziliwashwa.

Mama Jerop hakuwakaribisha chai. Alimtazama Sylvia kooni, akamtazama Nasambu kwa muda mrefu zaidi.

"Hii msichana si mgonjwa," akasema. "Hii msichana aliuzwa. Wewe ndiye ulitoa?"

"Sikujua, Mama."

"Mwanzo hukujua. Halafu ukajua." Akapuliza makaa. "Ulitoa kitu si yako. Sasa utatoa yako. Hiyo macho yenye inaona herufi, hiyo mkono yenye inachora, hiyo ndiyo utatoa, ndiyo hiyo kitu iachilie huyu. Utakuwa mtu wa kawaida, hata jina lako hutaweza kuandika. Unasikia? Lakini useme na roho. Hiyo kitu inasikia chini ya ulimi."

"Nitasema, Mama."

Sylvia akaketishwa juu ya ngozi, bango likatundikwa ukutani mbele yake, na Mama Jerop akatupa majani mabichi juu ya makaa mpaka moshi ukajaa chumba, moshi mchungu uliouma macho, na ng'ombe zizini wakaanza kulia wote kwa pamoja kama wanaoona chui, na herufi za bango zikaanza kulowa, zikatoa jasho lililoteremka kwenye karatasi bila kuharibu umbo lake, na ile harufu ikaja, kwanza kidogo, kisha ikawa nzito hata Oluoch akatapika kizingitini, na kutoka ndani ya weusi wa zile herufi, polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani, ikaja sauti ya Sylvia.

"Dada."

Sylvia mwenyewe alikuwa amefumba kinywa. Machozi yalimtiririka.

"Dada, nilikuita kila ulipopita. Kuna giza huku, na wengi, na kila anayesoma anatuvuta ngozi. Siku ile ulisimama. Nikajua umenisikia. Nikakuita kwa nguvu zangu zote, na wewe ukaweka sikio, ukanisikiliza." Herufi zikazidi kulowa. "Ukasema ni nzuri."

"Sema sasa!" Mama Jerop akafoka. "Sema, kabla haijafunga!"

Nasambu akapiga magoti. Akafungua kinywa na kusema, maneno yakatoka wazi hata Oluoch mlangoni akayasikia: "Chukua macho yangu. Chukua mkono wangu. Mrudishe mdogo wangu." Na alitaka kuyasema kwa roho, Mungu anajua alitaka, lakini wakati ulimi wake ukitoa, chini yake, mahali ambapo mtu hawezi kuficha kitu, aliona chumba cha Huruma na siku zote zilizobaki, akaona mikono yake ikichambua maharagwe, akaona jina lake likiwa kwake kama nyayo za kuku kwenye matope, akamwona yule mama wa Lagos akimwandikia naye asiweze kusoma, na kitu kidogo kama punje ndani yake kikasema: si vyote, niachie kidogo.

Sauti iliyokuwa ukutani ikacheka. Kilikuwa kicheko cha Sylvia, kile cha kufua, kile cha mende, lakini aliyecheka hakuwa Sylvia.

"Mdomo unatoa," ikasema, "roho inashika. Basi nashika na mimi."

Makaa yakazimika yote kwa pamoja. Walipofungua dirisha na moshi kutoka, bango lilikuwa karatasi nyeupe tupu, na ng'ombe walikuwa wamenyamaza.

"Imetoka kwangu," Mama Jerop akasema, akiwa amechoka. "Imeenda na mali yake. Haitarudi tena kwa huyu msichana, haina haja na yeye." Akafungua mlango. "Na wewe, hapa kwangu usikanyage tena."

Sylvia akasimama. Hakumpiga dada yake, hakumtemea mate. Alimtazama tu kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha na mwingine ukagundua siye, kisha akatoka kwenda kwenye gari. Oluoch alimpeleka hadi Bungoma siku hiyo hiyo, kwa shangazi yao, Mama Shitanda. Nasambu aliachwa kituo cha magari cha Moiben arudi mwenyewe.

Oluoch hakumtaka tena dukani. Nasambu hakusumbuka. Macho aliachiwa, mkono aliachiwa, na zile herufi zilibaki kwenye kompyuta ndogo aliyokuwa amejinunulia. Akafanya kazi chumbani. Kazi zikaja kutoka miji ambayo hakuijua, na wale wakubwa wa mtandaoni wakamwita mwenzao. Lakini katika ploti yote ya vyumba vya kupanga hapakuwa na mtu wa kumwita dada. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala akitazama ukuta, na mende walizidi.

Jumapili moja alasiri, mvua ikipiga mabati, simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya Sylvia.

"Dada? Ni mimi."

Nasambu akaikandamiza simu sikioni. "Sylvia? Unaongea? Sylvia, unaongea!"

"Naongea, dada. Nimekumiss. Nataka nirudi tukae pamoja."

Akalia, akacheka, akaomba msamaha, akasema yote aliyokuwa hajapata wa kumwambia, na ile sauti ikamsikiliza kwa upole. Wakiwa bado wanaongea, ujumbe ukaingia, akautazama. Ulitoka kwa shangazi. Ilikuwa picha: Sylvia ameketi jikoni akipukuchua mahindi, kinywa amekifumba, macho yametazama kando. Chini yake shangazi ameandika: "Huyu hapa, tuko naye tangu asubuhi. Bado ni kimya. Simu yake aliitupa chooni siku aliyofika, kwa hivyo nipigie mimi."

Nasambu akaishusha simu polepole. Sauti haikuwa tena ndani yake. Ilikuwa nje ya mlango, karibu kabisa na mbao, na kupitia upenyo wa chini iliingia harufu aliyoijua.

"Fungua, dada. Nanyeshewa."

Alikaa kitandani muda mrefu. Angeweza kupiga kelele. Ploti ilijaa watu. Lakini sauti ile ikaita tena, dada, kwa namna ile ya zamani, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa akimwita hivyo. Akainuka, akatoa komeo.

Siku iliyofuata jirani mpya, Ciru, ambaye hakuwahi kumjua Sylvia, alibisha kuazima beseni. Sauti changamfu ikamjibu kutoka ndani, "Dada amelala, hataki kuamshwa. Chukua hilo la nje." Ciru akachukua. Alipofika bombani aliwaambia wenzake kwamba mdogo wake Nasambu amekuja kumtembelea, msichana mzuri sana, anaimba tangu asubuhi, ila chumba chao kinanuka kidogo.