Moto Ndani ya Mti wa Nary

Kijijini kwetu, sisi Wakuy, watu wa msituni, kila mti wa utomvu una mwenyewe. Mti wake mkubwa kuliko yote, Yoeun aliutenga kwa ajili ya binti yake, Nary, aliyekuwa karibu kuolewa. Utomvu huziba mashua na kuwasha mienge. Msichana mwenye mti mzuri haanzi maisha mikono mitupu.

Lakini mwaka ule mti ulitoa utomvu kidogo. Yoeun ni mbishi, mnamjua. Alichimba tundu la shinani, ambamo utomvu hujikusanya, likaingia ndani zaidi, kisha akawasha moto humo, kama tufanyavyo sote ili utomvu utiririke.

"Zima basi, baba Nary," mkewe Phally alimwambia.

"Acha ule ushibe! Moto mwingi, utomvu mwingi."

Wakaenda kwenye mti wa pili. Waliporudi, majani makavu shinani yalikuwa yanawaka. Moto ulikuwa unapanda juu ya gome, na ndani ya tundu ulinguruma.

"Mti wa mwanangu!" Phally alilia.

Yoeun alivunja tawi akaanza kuupigapiga moto. Ukazidi.

"Unaupepea, kaka! Acha!" Alikuwa Chanthou, mtafiti wa miti, aliyekuwa akipima miche karibu na hapo. Alikuja mbio. "Leteni tope! Zibeni tundu, moto ukose hewa!"

Walichota tope kijitoni kwa debe na kwa mikono. Tope lilikauka na kupasuka, wakaongeza jingine. Yoeun aliungua kiganja lakini hakuacha. Mwishowe moto ukafa.

"Na mti nao umekufa?" Yoeun aliuliza.

Chanthou alikwangua gome upande wa pili. Chini yake palikuwa pabichi.

"Uko hai. Una bahati. Tumeichunguza miti hii kwa miaka mingi. Moto mfupi hufungua njia za utomvu. Moto mrefu huzichoma zikafa. Na ukichimba sana ndani, shina linadhoofika, upepo unauangusha mti."

"Sasa niuache uwake kiasi gani?"

"Fagia majani kwanza. Washa, kaa hapohapo, sokota sigara yako moja. Ukimaliza, zima. Na mti ukitoa kidogo, usiulazimishe. Umechoka, upumzishe."

"Na harusi je?"

"Harusi itafanyika. Lakini mti huu ukifa, mche utakaoupanda leo watauvuna wajukuu wa Nary."

Phally alimtazama mumewe. "Umesikia, au nawe tukuzibe kwa tope?"

Nary aliolewa. Mti ulipumzishwa mpaka jeraha lake likaanza kufunga. Ndipo mumewe Nary akawasha moto kwenye tundu dogo, shinani pakiwa pamefagiliwa. Yoeun aliketi kando akisokota sigara kwa kiganja chenye kovu.

"Zima!" akafoka ghafla.

"Baba mkwe, mbona sigara hujaimaliza?"

"Nimesema zima!"

Kijana akazima. Kesho yake Nary alikuta tundu limejaa utomvu.