Kito Chekundu cha Marehemu Fundi

Niapie kwanza kwamba humwambii mtu. Mimi nami niliapishwa nikaapa, lakini ulimi unaniwasha.

Shoga yangu, mjane wa fundi redio, alipotelewa na pete yake ya ndoa yenye kito chekundu. Lawama zote zikamwangukia mke wa mwanawe, na siku hiyo binti wa watu alikuwa ameshafungashwa virago. Mara akaja mnunuzi wa kompyuta kuukuu ya marehemu, akataka ijaribiwe. Pazia zikashushwa, kaseti yenye programu zake ikatiwa, ikalia kama panya aliyebanwa mlangoni.

Ukatokea mchezo aliotunga marehemu mwenyewe: kijitu kinaokota vito chumba hadi chumba.

"Jamani, si nyumba yetu hii?" shoga yangu akashtuka. "Jiko lile, na sebule hii tuliyomo!"

Kijitu kikaanza kutembea, na hakuna aliyegusa kibonye. Ti... titi. Ti... titi. Kilichechemea, kama marehemu enzi zake. Vito vikaisha, kikabaki kimoja chekundu, pale pale sebuleni.

"Zimeni dude hilo!" akafoka mdogo wa marehemu.

"Waogopa nini, shemeji?" shoga yangu akamuuliza. "Si mchezo tu?"

Kile kito kikaanza kusogea kuelekea mlangoni. Wote wakageuka. Shemeji alikuwa kizingitini, mkono mfukoni. Yule mke wa mwana akaurukia mkono, akauvuta nje, akaufumbua mbele ya watu wote. Pete hiyo!

Kompyuta ikalia "ting", kito kikatoweka. Kijitu kikachechemea hadi chumbani kwa shoga yangu, kikalala upande wa ukutani, alikokuwa akilala marehemu.