Jipu Nyuma ya Sikio la Njeri

Serah alikuwa akisuka nywele, amefika mstari wa sita. Njeri, bintiye wa miaka saba, alikaa sakafuni katikati ya magoti ya mama, machozi yakimlengalenga.

"Mama, inauma."

Serah akamgonga bega kwa kitana. "Nyamaza! Hata sijavuta. Mimi nilisukwa bila kulia."

Njeri akanyamaza kweli. Akauma mdomo, mabega yakapanda.

Jirani yao hapa London, Ummukulthum, mwenyeji wa Mombasa anayelea watoto wa chekechea, akaweka kikombe chini. "Hebu ngoja, Mama Njeri." Akalikunja sikio la mtoto. Nyuma yake palikuwa na jipu jekundu.

Serah akaweka kitana kando. "Mbona hukuniambia?"

"Nilisema jana. Ukaniambia ninyamaze," Njeri alijibu kwa Kiingereza.

Serah akajiuliza: Ni mangapi mengine hasemi?

"Nilidhani namfundisha kujikaza," alimwambia jirani.

"Kama ulivyofundishwa wewe. Na kazini wajikaza vipi, dadangu?"

Serah aliinama. Alikuwa mtunza wazee hapa mtaa wa Hounslow. Wiki iliyopita msimamizi alimuuliza swali dogo tu, Serah akamfokea mbele ya wazee. Ameonywa: akirudia, kazi hana.

"Mtoto akinyamazishwa, uchungu hauishi," Ummukulthum alisema. "Anaumeza. Akiwa mtu mzima hajui hata kuutaja, unamlipukia. Akiambiwa, 'Naona unaumia,' anajifunza kuutambua na kuutuliza."

"Si atadeka?"

"Hata! Sikusema asisukwe. Msikilize kwanza, kisha msuke."

Serah akamgeuza Njeri. Yeye mwenyewe utotoni hakuwahi kuambiwa pole. "Pole, mwanangu. Inauma sana, eh? Tena nimekutisha."

Njeri akaangua kilio. Mkono wa Serah ulitaka kumziba mdomo. Akauzuia. Akavuta pumzi polepole, akamkumbatia. Dakika chache baadaye kilio kikapungua chenyewe.

"Twende kwa mfamasia kabla hajafunga," Serah alisema. "Nywele tutamalizia kesho."

Njeri akajitazama kwenye kioo. "Nusu kichwa?"

"Ndiyo mtindo mpya wa London," Ummukulthum akamtania, akimvisha kofia. Njeri akacheka.

Mlangoni akaushika mkono wa mama. "Mama, kuna jambo lingine. La shuleni."

Serah akaachia kitasa cha mlango. Akachutama, macho yao yakakutana.

"Niambie," akasema. "Nasikiliza."