Jembe la Posa Kutoka Dukani

Rasharasha ilikuwa imekatika muda si mrefu, na soko la Mbeya lilinuka viazi vibichi, moshi na magunia yaliyolowa. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 1957. Katikati ya watu, juu ya sanduku la sabuni, alisimama kijana mrefu mwenye koti la kaki la madereva na viatu vyeusi vilivyong'aa. Hakuwa na kibali cha mkutano, kwa hiyo alijifanya anazungumza na wapakizi wa lori lake tu. Lakini sauti yake ilifika hadi kwa wauza ndizi.

Aliitwa Joachim, mwenyeji wa Kihesa, dereva wa kampuni moja ya malori na mabasi ya Iringa. Alieleza jinsi chama chao cha wafanyakazi, ambacho yeye ndiye alikuwa katibu wake, kilivyokuwa kikidai mshahara wa haki. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hawakulitegemea: kwamba hata wakilipwa vizuri, watabaki walivyo ikiwa mshahara wote unakwenda kununua vitu vya ng'ambo huku mafundi wao wenyewe wakikosa chumvi.

"Nunueni kwa fundi wenu," alisema. "Kikapu, chungu, jembe. Tusiwe watu wa kudai haki asubuhi na kuipeleka Ulaya jioni."

"Na viatu vyako, kaka, kavishona fundi gani?"

Aliyeuliza alikuwa msichana aliyeketi juu ya gunia, majembe sita meusi yamepangwa mbele yake. Alijifunga khanga nyekundu kichwani, na macho yake yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo. Watu wakageuka kumtazama Joachim miguuni.

"Vya Uingereza," akakiri. "Na khanga yako, dada?"

"Nayo imetoka mbali. Lakini mimi sikupanda juu ya sanduku."

Soko likaangua kicheko. Joachim akashuka, masikio yamemwiva, akanunua jembe moja ambalo hakuwa na shamba la kulilimia.

Jumamosi iliyofuata alikuja amevaa katambuga za tairi. Sekela, hilo ndilo lilikuwa jina la msichana, alimkagua toka juu hadi chini, akamwambia kidole kimoja kimetoka nje kuomba msaada. Ndivyo walivyoanza.

Majembe yale yalifuliwa na baba yake, Anania wa Uyole, aliyejifunza ufundi kwa Wakinga kule milimani. Zamani watu walipanga foleni kwenye kiwanda chake kidogo. Siku hizi maduka yalijaa majembe ya ng'ambo, mepesi na yaliyopakwa rangi, na Anania alifua kwa mazoea zaidi kuliko kwa wateja. Chuma chake kilitoka kwenye springi za malori zilizovunjika, na Joachim akawa hapiti Uyole bila kushusha moja.

"Wenzangu wanaletewa mafuta ya nywele," Sekela alilalamika, akiipokea springi kwa mikono miwili. "Mimi naletewa vyuma."

"Mafuta yanaisha, kipenzi."

"Na mgongo wangu je?"

Mwezi wa nane walikubaliana Joachim alete posa. Kwao, jembe ndilo hutangulia. Mshenga hulileta likiwa jipya. Likiingizwa ndani ya nyumba ya msichana, posa imekubaliwa. Likiachwa nje, hulichukua akarudi nalo, na hakuna haja ya maneno. Lakini siku zile Joachim alikuwa mbioni na mambo ya chama, kwa sababu kampuni ilikuwa imekataa madai yao yote na mgomo ulikuwa unakuja. Akamwomba baba yake mdogo, mzee Liberatus, awe mshenga wake. Alimwambia neno moja tu: achukue jembe zuri. Akasahau kwamba lile alilolinunua sokoni lilikuwa limelala chini ya kitanda chake.

Mzee Liberatus alikuwa amelimia majembe ya wafua chuma maisha yake yote, na maisha yake yote alikuwa ametamani moja la dukani. Akauza mbuzi. Akanunua jembe la buluu lenye alama ya nyota, akalifunga kwa kitambaa cheupe, akavaa koti lake la kanisani na kupanda basi la mwisho kabla ya mgomo.

Anania alikifungua kitambaa polepole. Akaligeuza jembe, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Kisha akauliza kama mgeni amekwisha kula. Jembe akaliegemeza nje, kwenye ukuta wa kiwanda chake, na usiku ule umande ukalilowesha. Mzee wa watu, asiyejua kosa lake na asiye na basi la kurudia, akakosa moyo wa kulichukua, akaenda kujisitiri kwa jamaa mmoja mjini Mbeya.

Siku ya nne Sekela alikwenda posta. Didas, karani wa simu, akampigia mwenzake wa Iringa, naye akamtuma tarishi amwite Joachim, maana wagomaji walishinda hapo karibu wakisubiri habari. Dakika tatu tu, Didas alimkumbusha.

"Sekela, mpenzi," sauti ilikuja ikiwa mbali kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Baba mdogo alifika salama?"

"Alifika. Na jembe lako linalala nje."

"Nje? Kwa nini?"

"Ni la dukani, Joachim. La buluu. Lina nyota, na karatasi yake ya Kizungu bado imening'inia."

Saa ya Didas iliendelea kuhesabu.

"Sikulichagua mimi. Nilimwambia alete jembe zuri."

"Na wewe zuri ni lipi? Baba anafua hatua kumi kutoka kitanda changu. Nimesimama sokoni nikirudia maneno yako kwa watu, na wewe unamletea baba yangu kile kinachomuua. Hakusema kitu. Hali chakula. Njoo ueleze mwenyewe. Nasikia basi linakuja Alhamisi."

"Basi lile siwezi kulipanda."

"Huwezi?"

"Nisikilize, mama, basi lile—"

Laini ikakatika. Didas alisema samahani, muda umekwisha, kuna mteja mwingine anangoja. Kule Iringa Joachim aliomba kupiga tena, akaambiwa asubiri. Alasiri upepo ukaangusha nguzo za simu upande wa Makambako, na hapo simu wala telegramu haikupita tena.

Alichotaka kusema ni kifupi. Mgomo haukuwa umekwisha. Kampuni ilikuwa imeajiri madereva wapya kuuvunja, pamoja na wachache wa zamani walioshindwa kuvumilia njaa, na basi la Alhamisi lilikuwa la kwanza kutoka likiendeshwa na watu hao.

Lilipotoka, Joachim alikuwa amesimama kando ya barabara na wenzake. Kwenye usukani alikaa Saulo, rafiki yake, aliyekuwa na kadi ya chama mfukoni hadi juma lililopita. Akapunguza mwendo.

"Najua una shida Mbeya," Saulo alisema bila kumtazama. "Panda. Leo jioni uko kwa mchumba wako."

Mlango ulikuwa wazi. Joachim alitazama ile ngazi ya chuma, akawaza jembe lililolala nje na mzee asiyekula. Nyuma yake walisimama watu ambao watoto wao hawakuwa na uji. Alitamani hata kutuma salamu, lakini aliona kwamba akimtuma Saulo atakuwa amelitumia lile basi.

"Nenda, Saulo," alisema.

Sekela alilingoja basi hilo stendi ya Mbeya, amevaa gauni la manjano alilolipiga pasi mara mbili. Abiria waliteremka na kuku wao na vikapu vyao mpaka akabaki kondakta anafagia. Akamuuliza dereva habari za Joachim wa Kihesa.

"Nilimsimamishia mwenyewe," Saulo alisema. "Alikataa kupanda."

Alisema kweli, na hakueleza zaidi, kwa kuwa alikuwa na haya yake. Sekela alirudi Uyole kwa miguu. Jumamosi aliuza majembe bila kumtania mtu.

Jumanne jioni mtu aliyejaa vumbi mpaka kope alisukuma baiskeli hadi mbele ya kiwanda cha Anania. Alikuwa amesafiri siku tano. Jailos, mgomaji mwenzake, alimwazima baiskeli, na wakulima wa mpunga wa Ubaruku aliokutana nao njiani walimpa wali na mahali pa kulala. Nyuma, kwenye keria, ilifungwa springi iliyovunjika ya lori lake mwenyewe.

"Nilikuambia Alhamisi," alisema Sekela.

"Lile basi lilikuwa la wavunja mgomo. Nilikuwa nakueleza, simu ikakatika."

"Saulo alisema ulikataa kupanda."

"Nilikataa."

Sekela alimkagua toka juu hadi chini. Magoti yake yalikuwa yamechubuka, na katambuga moja ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani.

"Na baiskeli hiyo, imefuliwa wapi?"

"Uingereza," alisema kwa unyonge. "Nimeazima."

Sekela aligeuza uso upesi, maana hakutaka aonekane anacheka.

Joachim alimwomba Anania msamaha, akamwomba na jembe. Mzee alikataa. Yeye hawezi kufua jembe la posa ya binti yake, alisema, kwani itakuwa amemposa mwenyewe. Moto upo. Springi ipo. Nyundo ile pale.

Kwa siku tatu Joachim alivukuta mivukuto ya kupulizia moto na kugonga chuma, mikono ikatoka malengelenge na malengelenge yakapasuka. Jembe lililotoka lilikuwa zito upande mmoja, na makali yake yalipinda kama mdomo wa mtu anayetaka kulia.

"Hili," Anania alisema, "hata mimi nisingethubutu kuliuza."

Mzee Liberatus aliitwa kutoka mjini kuja kulikabidhi. Alikuja na koti lile lile la kanisani, na mkononi alikuwa na telegramu aliyopewa na Didas, kwa kuwa nguzo zilikuwa zimesimamishwa. Joachim aliisoma mara mbili. Mgomo umekwisha. Kampuni imekubali kuongeza nusu ya kilichodaiwa. Watu kumi na mmoja hawatarudishwa kazini, na jina lake lilikuwa la kwanza.

Akaikunja karatasi. Alimwambia Anania kwamba hawezi kuposa akiwa mtu asiye na kazi, na kwamba waliweke jambo hili kando mpaka mambo yakae sawa. Mzee Liberatus, kwa huzuni, akaanza kulirudisha jembe kwenye kitambaa.

"Ulipoleta jembe la dukani ulikuwa na kazi," Anania alisema. "Umeleta hili huna." Alikaa kwenye kigoda chake akitazama moto.

Sekela alikwenda akashika jembe. Mzee Liberatus hakuwa ameliachia.

"Baba mdogo, achia."

Akaingia nalo ndani. Kila mtu aliyekuwa uani alisikia chuma kikiwekwa sakafuni.

Asubuhi Joachim alifunga safari ya kurudi Iringa. Wale kumi na mmoja walikuwa wanamhitaji, na chama hakikuwa na katibu mwingine wa kuandika barua zao. Hasira yake haikuwa imekwisha. Nusu ya haki ilimkaa kooni, na hakujua lini atapata mshahara mwingine. Sekela alimsindikiza mpaka barabarani, amebeba springi nyingine iliyovunjika aliyoiokota njiani.

"Nirudi lini?" aliuliza Joachim, mguu mmoja ukiwa kwenye pedali.

"Ukiwa na kazi, rudi. Ukiwa huna, rudi vilevile, mivukuto ipo. Ila usije na basi lile."